Kuwasha na Kuamsha

Tafsiri za maelezo ya kompyuta mara nyingi hulibebesha neno "kuwasha" maana mbili, na kosa hilo si dogo. Liemba, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ilikwenda kwa mvuke hadi ilipotiwa injini za dizeli miaka ya 1970. Zama za mvuke moto ulikokwa, maji yakachemka, ndipo nanga ikang'olewa; moshi peke yake haukuwa safari.

Hatua hiyo ya kati imo pia katika mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ikiisha kuwashwa, BIOS au UEFI hutafuta diski yenye mfumo wa kuamsha. Mfumo uliowekwa kwa UEFI pekee, ukipewa BIOS, hauonekani, ingawa diski ni nzima. Mwenye kuambiwa "haiwaki" atachunguza umeme bure.

"Programu dhibiti" nayo haitoshi, maana mfumo wenyewe pia hudhibiti. "Programu tangulizi" (jina zito kidogo sikioni) lataja zamu yake. Tena, diski ikiunganishwa kwa virtio, mfumo usio na kiendeshi chake huanza kuamka, kisha hukwama. Hapo mashine imewaka, na programu tangulizi imekwisha kazi yake.