Huyu Ukutani ni Nani?

Dada yangu alikuja kunitembelea Roysambu mwezi wa Machi, mara ya kwanza tangu nitoke kwa ile bedsita. Nilikuwa nimejipanga. Sofa mpya, zulia, na juu ya sofa ile picha ambayo hata wewe umeiona, labda unayo: mwanamke Mwafrika, kilemba cha manjano, hereni kubwa, shingo ndefu. Hana macho, hana mdomo. Imechapishwa kwenye kanvasi, vipande vitatu, elfu nne na mia tano, hapo bado hujalipa fundi wa kuitundika. Dada akaketi, akanywa chai, akaitazama weee. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia si mtu. Ni picha tu, ya kupamba nyumba.

"Sasa mbona umemtundika?"

Sikuwa na jibu, na nilikasirika kidogo, kwa sababu sheria zote nilizifuata. Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, jinsi wanavyofanya kwenye majumba ya sanaa. Upana ukaribie thuluthi mbili za sofa. Kati ya kipande na kipande, sentimita 5 hadi 8. Kabla ya kutoboa, kata magazeti ya saizi ya picha, uyabandike ukutani kwa selotepu, uketi uyatazame siku mbili tatu, maana mwenye nyumba atahesabu matundu siku ya kurudisha dipoziti. Ni sheria nzuri, na bado nazitetea. Zinakuambia picha ikae wapi. Ni nani akae ukutani, hilo halimo.

Na huyo mwanamke wangu, kusema ukweli, ameondolewa uso makusudi. Akiwa na macho atakuwa mtu fulani, wa mahali fulani, na hatauzika kwa kila keja. Bila macho anaingia popote, mradi kilemba kifanane na mito ya sofa. Usidhani shida yangu ni kwamba picha imerudiwa mara elfu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama wake kwenye mbao Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 60, akafa 1972, na mpaka leo wachoraji wanaendeleza mtindo wake na kuwauzia watalii. Picha zinarudiwa, ndiyo, lakini chui wa Tingatinga ana macho. Anakukodolea mpaka unajiuliza umemfanyia nini.

Huko nyumbani Kakamega, ukuta wa Mama ni kinyume kabisa. Picha ziko juu karibu na dari, zimeinama mbele kama zinataka kuanguka. Si tunazicheka mitandaoni? Mimi pia nilicheka, mpaka nikakumbuka nyumba ya Kukhu. Ilikuwa ya udongo, na kwenye udongo msumari haushiki. Unashika kwenye mti, na mti uliojitokeza ulikuwa ule wa juu, unaobeba paa. Fremu ikining'inia kwa kamba kwenye msumari mmoja inainama yenyewe, na kwa mtu aliyeketi kigodani hilo ni jambo jema: anaona uso, haoni mwanga wa dirisha ukimeta kwenye kioo. Mama alipojenga ya matofali, mazoea yakahamia nyumba mpya, sababu zikabaki kule.

Ukuta ule unasomwa kuanzia mlangoni. Harusi ya Baba na Mama, 1987. Mahafali ya kaka zangu wawili, kisha yangu. Babu, picha kubwa kuliko zote, ile iliyotangulizwa mbele ya jeneza siku ya mazishi ikarudi nyumbani kukaa. Fremu ya mahafali yangu ilikuwa ya Moi. Baba alikuwa na duka, na 2002 ilipopita hakuona haja ya kutupa fremu nzima. Moi mwenyewe bado yumo, nyuma yangu, anazuia vumbi.

Hapa ndipo insha za sisi watu wa mjini huanza kulia machozi: ati ukuta wa mama ni kumbukumbu, ni historia, turudi huko. Nilishaanza kuandika hiyo insha. Kisha nikahesabu nyuso. Dada hayupo.

Hayupo kwa sababu ukuta ule una masharti. Ili uingie lazima uvae joho, au shela, au ulale kwenye jeneza. Dada aliacha shule kidato cha pili, 2004, akaenda kushona sare sokoni. Karo yangu ilitoka kwenye cherehani ile. Kila Krismasi yeye ndiye anayepitisha chai chini ya zile fremu, na kila Krismasi kuna mgeni anayeinua macho na kumuuliza Mama, "Hawa ndio watoto wako wote?" Mama hujibu, "Ndio. Na huyu."

Nilipokuwa Lamu niliingia kwenye nyumba ya zamani ya mawe, iliyogeuzwa makumbusho, nikaona zidaka: vishubaka vya plasta, safu juu ya safu, vya kuwekea sahani na vyombo vya thamani, tena katika chumba cha ndani kabisa. Nikatamani hapo hapo. Mtu alijenga nafasi kwenye ukuta, halafu ndio akatafuta cha kuweka.

Basi nimemshusha mwanamke wa kilemba. Kwa simu nina picha moja ya dada ambayo naipenda sana: yuko kwa cherehani, tepu shingoni, pini mdomoni, leso kiunoni. Nilimwambia naenda kuichapisha, niitie fremu, niitundike pale juu ya sofa. Akakataa katakata. "Usinitundike na leso. Wageni wako watadhani mimi ni nani? Ngoja nivae."

Tuligombana kwa simu nusu saa. Anataka studio, maua nyuma, nywele zimetengenezwa. Yaani anataka picha ambayo hata Mama angeitundika. Mimi nataka cherehani. Nilimwambia picha ya kazi ndiyo ya kweli. Akaniambia joho langu nililikodisha kwa siku moja na nikalirudisha, mbona hilo hakuna aliyesema ni uongo.

Pale juu ya sofa sasa kuna gazeti tu, sentimita 30 kwa 42, na selotepu imeanza kubanduka. Jumapili alinitumia ujumbe. Amepata gauni, la buluu. Anauliza ukuta wangu ni wa rangi gani.