Breki ya nyuma ikishika, anza na pini

Pikipiki ikianza kushika breki ya nyuma yenyewe, kitu cha kwanza kununuliwa ni shuu mpya. Gurudumu linafunguliwa, shuu za zamani zinatoka zimeungua na kung'aa, mpya zinatiwa, na kwa siku kadhaa mambo ni shwari. Kisha breki inashika tena. Pesa hizo zinatoka mfukoni mwa mwendeshaji wa bodaboda, na abiria aliyeketi nyuma yake anaitegemea breki hiyohiyo wakiteremka kutoka mji wa Kwale kwenda Kombani. Shuu zilizoungua ni majeruhi tu. Kilichokwama ni pini inayozisukuma.

Breki ya dramu ni kitu cha zamani. Louis Renault wa Ufaransa aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1902, na pikipiki nyingi za bodaboda bado zinaitumia nyuma kwa kuwa ni rahisi kutengeneza. Unapokanyaga pedali, rodi huvuta mkono mfupi ulio nje ya sahani ya breki. Mkono huo huzungusha kemu, yaani pini ya chuma iliyopenya sahani, ambayo ncha yake ya ndani imebapa. Ubapa ukigeuka, shuu mbili hutanuka na kugusa dramu. Ukiachia, springi za ndani huvuta shuu na kuirudisha kemu mahali pake. Springi hizo zinaimudu kemu yenye griisi, lakini yenye kutu haziiwezi. Mguu wa dereva una nguvu kuliko springi, ndiyo maana breki hufunga bila taabu kisha ikakataa kufunguka.

Kwa nini kemu hukwama hasa pwani? Kemu ni chuma, sahani ni alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa. Wavuvi wanalijua hilo kwa kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mashine ya boti ili kiliwe chenyewe, mashine isalimike. Kwenye breki hakuna zinki. Alumini ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe, huku chuma nacho kikitoa kutu yake, na vyote viwili huhitaji nafasi kubwa kuliko metali ilivyokuwa. Tundu la kemu kwenye sahani halina nafasi hiyo. Uwazi wake ni wa griisi tu. Basi pini inabanwa pande zote. Pikipiki inayobeba samaki kutoka Gazi au Msambweni huteseka zaidi, maana barafu ikiyeyuka kwenye kreti, maji ya chumvi hudondokea nyuma, palepale penye sahani. Hata isiyofika ufukweni haijanusurika ikiwa huoshwa kwa mpira wa maji ya kasi ulioelekezwa kwenye kitovu cha gurudumu: griisi hutoka, maji huingia.

Kabla ya kufungua gurudumu, fungua nati ya kurekebishia breki na uichomoe rodi. Sukuma ule mkono mfupi, kisha uuachie. Ukirudi kwa ghafla, kemu ni nzima. Kagua pedali, au rodi iliyokuwa imekazwa mno. Ukirudi kwa kusitasita, au ukibaki pale ulipouacha, umeshapata jibu. Na kama mkono umerudi vizuri lakini gurudumu bado ni zito, tazama beringi na cheni. Jaribio hili linataka spana moja tu, nalo ndilo linalorukwa kuliko yote.

Gurudumu likishatoka, toa sahani na shuu zake. Vumbi lipanguse kwa kitambaa kibichi. Usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu baadhi ya shuu zimewahi kutengenezwa kwa asbesto na kwa macho huwezi kuzitambua. Mkono umekaa kwenye meno madogo ya kemu, kwa hiyo piga alama kabla ya kuuchomoa. Ukirudi jino moja pembeni, pembe yote ya breki imebadilika.

Hapa ndipo kazi huharibikia. Kemu hutoka kuelekea ndani, na nyundo iko karibu. Lakini ncha ya nje ikipigwa huvimba, na ikishavimba haipiti tena kwenye tundu. Atakayeendelea kupiga ataipasua sahani. Dawa ni subira: mwagia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, acha yapenye usiku kucha, kisha rudisha mkono na uizungushe kemu kidogo mbele, kidogo nyuma, ukiongeza mafuta. Yakianza kutoka na rangi ya kahawia, jua kutu inasagika. Kuzungusha huitoa kutu, kupiga huishindilia. Ikigoma bado, mwagia sahani maji yanayochemka. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, hivyo tundu hufunguka kuliko pini inavyonenepa. Moto wa gesi usiusogeze kwenye sahani iliyolowa mafuta.

Pini isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae. Tundu liondolee unga tu, usilipanue, kwani kemu inayocheza hupindisha shuu. Paka griisi ya kuhimili joto, utando mwembamba kwenye pini na kidogo kwenye ubapa. Ikizidi huyeyuka ikafika kwenye shuu, na breki haitashika kabisa. Kama kuna mpira mdogo wa kuzuia maji, weka mpya.

Sasa ndipo shuu zitazamwe. Tabaka la kusugua likifika milimita 2, badilisha. Ule ujanja wa kuchomeka kipande cha bati kati ya kemu na shuu iliyokwisha naupinga kabisa: bati likichomoka hujibana ndani ya dramu gurudumu likiwa linazunguka. Kuuhamisha mkono meno kadhaa ili kuficha kuisha kwa shuu ni hatari vilevile, maana kemu hugeuka kupita kiasi na springi zikashindwa kuirudisha.

Unapofunga, hakikisha bolti ya rodi inayozuia sahani isizunguke imekazwa na pini yake ya usalama ipo. Pedali iache icheze sentimita 2 hadi 3, na ekseli yake ipakwe griisi, kwani nayo huliwa na chumvi ileile. Kisha endesha kilomita chache bila kuitumia breki ya nyuma, usimame, na usogeze kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Kitovu kikiwa cha moto, rodi ya breki bado imekazwa mno. Legeza nati ya kurekebishia breki nusu mzunguko na ujaribu upya kabla ya kupakia abiria.