Ramani Isiyo na Watwa: Jamii za Asili za Maziwa Makuu katika Michezo ya Mikakati ya Kihistoria

Uhakiki wa michezo ya kompyuta yenye maudhui ya kihistoria umezoea kuuliza iwapo Afrika imo au haimo. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Katika Victoria II (2010), mchezo unaoanzia mwaka 1836, eneo la Maziwa Makuu limechorwa kama ardhi isiyo na dola, inayomsubiri mkoloni. Ilhali wakati huo Rwanda ilikuwa ufalme wenye majeshi na watawala wa mikoa. Na Gustav Adolf von Götzen alipoingia nchini mwaka 1894, alikuta Mwami Kigeli Rwabugiri akitawala. Europa Universalis IV (2013), wa kampuni hiyohiyo ya Paradox, umeziba pengo hilo katika hali yake ya sasa: Rwanda, Buganda na Bunyoro zimo, na mchezaji anaweza kuziongoza.

Hata hivyo, marekebisho hayo yameitambua dola, hayakuitambua jamii. Asiye na dola katika mchezo huo huelezwa kwa tarakimu tatu: idadi, ukali na uhasama wake. Koloni ikifikisha wakazi 1,000, huhesabiwa kuwa mji, na wenyeji hukoma kuwa suala. Aidha, kila jimbo hupewa utamaduni mmoja tu. Kwa kanuni hiyo, Watwa wa Rwanda, walioishi miongoni mwa wengine wakiwa wawindaji, wafinyanzi na watumishi wa baraza la mfalme, hawawezi kuonekana popote.

Mtetezi wa mchezo atasema kwamba kila ramani hurahisisha mambo. Ni kweli; lakini kurahisisha huku kuna historia yake. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho, na uhusiano uliokuwa ukibadilika ukawa alama isiyofutika. Matokeo yake yalionekana mwaka 1994. Kwa hiyo, kuongeza rangi ya Watwa kwenye ramani si tiba. Ni kurudia kosa lilelile kwa nia njema.

Sera za Kigali zinalijua fumbo hili. Kabila limeondolewa kwenye vitambulisho, na Watwa hutajwa kuwa miongoni mwa walioachwa nyuma na historia. Katiba ya mwaka 2003 ilimtaka Rais azingatie uwakilishi wa jamii za namna hiyo anapoteua maseneta wanane. Istilahi hiyo inataja kilichowapata watu, si asili yao.

Hapo ndipo wabunifu wa michezo na washauri wa elimu wanapaswa kujifunza. Mchezo unaofaa darasani ungeonyesha mahusiano: nani ana haki ya msitu, nani anapoteza riziki msitu unapofyekwa au kufungwa kwa ajili ya hifadhi, nani anadaiwa kazi na mtawala. Mchezaji anayelazimika kujibu maswali hayo atakutana na Watwa bila kuwabandika lebo.