Ufundi wa Kusubiri Jibu

Likizo ndefu ya chuo inapofika, wanafunzi wa ualimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa vilivyoanzishwa mwaka 2005, hutawanyika mikoani kwenda kufundisha kwa mazoezi. Kila mmoja ana azimio lake la kazi na andalio la somo lenye hatua zinazojulikana, kuanzia utangulizi. Karatasi hiyo inamwambia aseme nini na afanye nini dakika hadi dakika. Haimwambii anyamaze wapi. Hilo hufundishwa na msimamizi aliyekaa dawati la nyuma, nami nauheshimu sana ufundi huo.

Mwalimu tarajali akimaliza kueleza, huuliza kama wameelewa, na darasa zima huitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Kipindi kikiisha, msimamizi mzuri humwita pembeni na kumuuliza: "Umejuaje kwamba wameelewa?" Hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Kesho yake kijana atauliza swali lenye kuhitaji fikra, kisha atajifunza kuvumilia ukimya unaofuata, ingawa mikono inamtoka jasho na anatamani kujibu mwenyewe.

Ukimya huo umepimwa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi ya shule za msingi, na katika makala yake ya mwaka 1974 alieleza kwamba mwalimu wa kawaida akishauliza husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali au kumgeukia mtoto mwingine. Walimu waliozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi yenye sababu ndani yake, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Kwetu sekunde hizo zina thamani zaidi. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili husikia swali kwa Kiingereza, hulifikiria kwa Kiswahili, kisha hutafuta maneno ya kulijibia. Asiyemsubiri atamhesabu kuwa hajui, kumbe yuko njiani.

Ufundi huohuo nauona kwa wanaosomea ustawi wa jamii. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wanafunzi wa fani hiyo hupelekwa fildi kwenye halmashauri, hospitali na makao ya watoto. Katika ofisi ya ustawi, mama anakuja kudai matunzo ya mtoto na baba ameitwa. Mwanafunzi anaweza kutamani kuamua nani mkosaji kabla hata hawajakaa vizuri. Msimamizi humtaka kwanza aandike mazungumzo jinsi yalivyokwenda: nani alisema nini, wapi walinyamaza, na yeye mwenyewe alihisi nini wakati huo. Akiandika "baba ni mkorofi," sentensi hiyo inarudi na alama ya kuuliza. Alimwona akifanya nini? Basi anaandika upya: baba alijibu swali la tatu akiwa amegeukia dirishani. Sentensi ya kwanza ni hukumu. Ya pili ni ushahidi, na huenda kesho ikamfunulia kwamba baba huyo alikuwa na aibu ya kukosa kazi. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na taarifa ya afisa ustawi inaweza kufika mezani kwa hakimu.

Wanaosomea saikolojia na unasihi huufikisha ufundi huu mbali zaidi. Carl Rogers alitoa kitabu mwaka 1942 chenye mazungumzo kamili ya mnasihi na mteja wake, yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri, ili wanafunzi wayachunguze neno kwa neno. Kwenye mazoezi, wanafunzi hukaa watatu watatu: mmoja anaeleza shida, mmoja anasikiliza, wa tatu anawatazama wote wawili, kisha hubadilishana nafasi. Huyo wa tatu ndiye anayegundua kwamba msikilizaji alimkatiza mwenzake pale hasa alipokuwa anakaribia kusema lililomleta.

Kwa kijana wa kwetu zoezi hili ni gumu kwa namna ya pekee. Amekulia mahali ambapo mwenye shida huenda kwa mtu mzima, naye hupewa nasaha papo hapo. Sasa yeye, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, anakaa mbele ya mzee wa umri wa babu yake. Huanza na shikamoo, huitikiwa marahaba mwanangu, huuliza habari za nyumbani bila kuzikimbiza, kisha hungoja. Kwake ukimya huo ni heshima na pia ni kazi. Akiweza kuyarudisha maneno ya mzee kwa usahihi, bila kuongeza wala kupunguza, mzee mwenyewe huendelea.

Ufundi huu haupatikani kwenye ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mamia. Unahitaji mtu mzoefu akae karibu, atazame, kisha azungumze na mwanafunzi mmoja juu ya saa moja ya kazi yake. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo: kila mwanafunzi aliye fildi atembelewe na msimamizi atakayekaa hadi kipindi kiishe, si wa kusaini fomu na kuwahi basi. Bajeti ikibana, nauli ya ziara hiyo iwe ya mwisho kukatwa.