Kisumu Mashariki: Jinsi Mwislamu Asiye na Chama Anavyoshinda

Tarehe 8 Agosti 2017, mpigakura wa Kisumu Mashariki alikabidhiwa karatasi sita. Kwenye ya urais, Raila Odinga hakuwa na mpinzani wa maana upande huu wa ziwa. Kwenye ya ubunge mambo yaligeuka: mgombea wa ODM, chama cha Raila, aliachwa, akachaguliwa Shakeel Shabbir, mgombea huru. Mwaka 2022 wakarudia. Katika ngome ambako tiketi ya chama huhesabiwa kuwa ndio ushindi wenyewe, hilo si jambo dogo. Tena mshindi ni Mwislamu wa asili ya Kihindi, na watu wa jamii yake na wa dini yake ni wachache mno kumfikisha popote kwa kura zao peke yao.

Ukiuliza mjini sababu, utaambiwa ni pesa. Jibu hilo halinitoshi. Wenye pesa wameanguka wengi Nyanza, wakaanguka na pesa zao. Hapa kuna ufundi wa uchaguzi, na ili kuuona ni lazima kwanza tuangalie njia waliyowekewa wanasiasa wa namna yake na serikali ya kikoloni.

Waraka wa Devonshire wa 1923 uliwapa Wahindi wa Kenya viti vitano katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa daftari lao wenyewe la wapigakura. Viongozi wao walitaka daftari la pamoja, na kwa miaka kadhaa wakasusia viti hivyo. Baada ya India kugawanyika mwaka 1947, mpasuko ule ulivuka bahari. Katika uchaguzi wa 1952 daftari la Waasia lenyewe lilikatwa vipande viwili: viti vinne vya wasio Waislamu, viwili vya Waislamu. Kwa hiyo mwanasiasa Mwislamu alikuwa na kiti cha uhakika, na katika mpango wa Lyttelton wa 1954 Ibrahim Nathoo akawa Waziri wa Ujenzi. Lakini aliyepita kwa kiti hicho hakuhitaji kumsalimia Mjaluo hata mmoja. Hakuwa na sababu ya kujifunza bei ya omena wala shida ya maji Nyalenda. Kura yake ilitoka msikitini na dukani, ikaishia huko huko.

Mkutano wa Lancaster House wa 1960 ulijaribu kurekebisha kosa hilo kwa mtambo wa ajabu kidogo. Viti ishirini vilitengwa: kumi vya Wazungu, vitano vya Waasia wasio Waislamu, vitatu vya Waasia Waislamu, viwili vya Waarabu. Mgombea alipaswa kwanza kupata angalau asilimia 25 ya kura za jamii yake, kisha ndipo akabiliane na wapigakura wote. Michael Blundell ndiye mfano unaokumbukwa: Wazungu wenzake walio wengi walimkataa katika hatua ya kwanza, akavuka kizingiti kwa shida, kisha kura za Waafrika zikampa kiti mwaka 1961. Mpango ule ulidumu uchaguzi mmoja tu. Kufikia 1963 viti vya kutengwa vilikuwa vimefutwa, na mwanasiasa wa jamii ndogo akaachwa ajitafutie.

Kisiwani Mauritius walichagua vingine. Abdool Razack Mohamed, kiongozi wa Waislamu walio wachache kule, aliungana na chama cha Leba cha Seewoosagur Ramgoolam, na moja ya mambo waliyoyapata ni utaratibu wa kuongeza viti vinane kwa walioshindwa lakini wenye kura nyingi, ili jamii iliyopunjwa ifidiwe. Kisiwa kikapata uhuru tarehe 12 Machi 1968 kikiwa na kinga hiyo ndani ya katiba. Mimi siipuuzi. Ila nayo ilimdai kila mgombea atangaze jamii yake kabla ya kuomba kura, jambo ambalo limezua ubishi kule mpaka leo.

Kenya haikubakiza kinga wala fidia. Kwa Kisumu hali ilikuwa ngumu zaidi, maana historia ya mji huu imejaa kinyongo cha duka. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja nayo. Wengine walipewa mashamba Kibos, wengine wakashika rejareja na jumla. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga alipoanzisha Luo Thrift and Trading Corporation, shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba Mjaluo naye anaweza kukaa nyuma ya kaunta. Miaka 60 baadaye, uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulimpa Shabbir, aliyewahi kuwa meya wa Kisumu, kiti cha Kisumu Town East kwa tiketi ya ODM, badala ya Gor Sungu. Siku chache tu zikapita, matokeo ya urais yakatangazwa, na maduka ya katikati ya mji yakaporwa na kuchomwa, mengi yakiwa ya Wahindi. Mji uleule, mwezi uleule. Mtu anayetaka kueleza siasa za Kisumu kwa rangi ya ngozi peke yake ajaribu kueleza hilo.

Ushindi wa 2007 hauna fumbo: alikuwa na tiketi. Wa 2017 na wa 2022 ndio unaohitaji uchambuzi, na hapo sheria ina mchango mkubwa kuliko watu wanavyokiri. Tangu marekebisho ya katiba ya 1968, hakuna aliyeweza kugombea ubunge bila kudhaminiwa na chama. Aliyenyimwa tiketi Nyanza alibaki kutafuta chama kidogo cha kukodi na kuitwa msaliti. Katiba ya 2010 ilifungua mlango. Kifungu cha 85 kinamruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Kifungu cha 99 kinamtaka aungwe mkono na wapigakura 1,000 walioandikishwa katika eneobunge lake. Piga hesabu ya 2017: mchujo ulifanyika Aprili, na kikomo cha miezi mitatu kikaangukia mapema Mei. Muda wa kununa haukuwapo. Aliyekuwa tayari ana watu wake kila wadi alikusanya saini. Aliyetegemea jina la chama peke yake alikwama.

Jambo la pili ni zile karatasi sita. Zamani mpigakura alipewa tatu: rais, mbunge, diwani. Sasa kuna gavana, seneta na mwakilishi wa kike pia. Viongozi wa ODM walihubiri mtindo wa suti, yaani kupigia chama kimoja kuanzia juu mpaka chini. Ila kadiri karatasi zinavyozidi ndivyo mtu anavyopata nafasi ya kutimiza uaminifu wake kwenye ya urais na ya gavana, kisha kwenye ya ubunge akaamua kwa hesabu ya basari na madarasa. Mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ulioanza 2003, umeufanya ubunge kuwa kazi inayopimwa kwa macho. Kisumu Magharibi walishaonyesha njia hiyo 2013 na 2017, walipomchagua Olago Aluoch wa Ford-Kenya huku wakimpa Raila kura yao ya urais.

La tatu husahaulika, nalo ni mipaka. Uchoraji mpya wa 2012 uliziweka Kaloleni, mtaa wa zamani wa Waislamu, na Market Milimani ndani ya Kisumu ya Kati. Kisumu Mashariki ikabaki na wadi tano: Kajulu, Kolwa Mashariki, Kolwa ya Kati, Manyatta B na Nyalenda A. Kwa mwanasiasa anayefikiri kwa mtindo wa 1952, hapo ni pa kukimbia. Kwa hesabu ya sasa huenda pakawa pazuri. Kajulu na Kolwa ni majina ya koo, na ushindani wa koo ndio uti wa mgongo wa mgombea wa kawaida wa Kijaluo. Usomaji wangu ni huu: mtu asiye na ukoo hana kura za kuzaliwa nazo, lakini pia hakuna ukoo unaoogopa kwamba akishinda jirani ndiye atakayekula. Kwa Manyatta na Nyalenda, ambako wapangaji wametoka kila pembe ya magharibi mwa Kenya, swali la ukoo ni jepesi zaidi.

Njia hii si ya pekee. Junet Mohamed, Mwislamu mwenye asili ya Kisomali, ameshika Suna Mashariki katika Kaunti ya Migori tangu 2013, yeye akipitia ndani ya ODM hadi kuwa kiongozi wa wachache bungeni. Kaunti hiyohiyo mwaka 2022 ilimchagua Fatuma Mohammed kuwa mwakilishi wa kike akiwa mgombea huru. Mmoja amepanda kwa ngazi ya chama, mwingine ameizunguka. Wote wameomba kura kwa watu wasio wa asili yao.

Njia hii ina gharama zake. Mgombea huru hulipa mawakala wake mwenyewe katika kila kituo, na akifika bungeni hana chama cha kumpigania nafasi kwenye kamati. Tena hesabu yote niliyoieleza ilitegemea nguzo moja: kulikuwa na Raila kwenye karatasi ya kwanza, na mpigakura akishampa yeye haki yake alijiona huru na zile nyingine. Raila alifariki Oktoba 2025. Agosti 2027 watu wa Kajulu na Manyatta watapewa tena karatasi sita, na bila jina lile la juu haijulikani kama karatasi ya ubunge itazidi kuwa huru, au chama, kwa hofu ya kusambaratika, kitaidai kwa nguvu zaidi.