Ngozi Mikononi mwa Azzedine Alaïa

Azzedine Alaïa, mbunifu wa mavazi ya wanawake aliyezaliwa Tunis mwaka 1935, alifanya kazi zake Paris hadi alipofariki Novemba 2017. Katika vazi la mwanamke, ngozi ilikuwa imezoeleka zaidi kwenye koti na jaketi, nguo zinazokaa mbali kidogo na mwili. Yeye aliiingiza kwenye sketi na gauni, ikabana kiuno na kufuata nyonga kama inavyofanya nguo ya kufumwa.

Msingi wa kazi hiyo ni mafunzo yake. Tunis alisomea uchongaji katika chuo cha sanaa, huku akijipatia riziki kwa kushona. Alipofika Paris katika miaka ya 1950 alikaa Dior kwa siku chache tu, akapita kwa Guy Laroche, kisha kwa miaka mingi akawashonea wateja binafsi nyumbani kwake, mtaa wa Bellechasse. Mchongaji huanza na umbo, na Alaïa alianza na mwili wa mwanamitindo aliyesimama mbele yake: alibana, akakata na kurekebisha hapo hapo, na pateni alizikata kwa mkono wake mwenyewe.

Ngozi haimsamehe fundi wa namna hiyo. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za wima na za mlalo, na mshonaji anajua kitavutika upande gani. Ngozi ni nyuzi laini zilizosokotana kila upande, na tabia yake hubadilika kulingana na sehemu ya mnyama ilikotoka: ya mgongoni ni nzito na imara, ya tumboni ni laini na hulegea. Mapande mawili ya sketi yakitoka sehemu tofauti, baada ya kuvaliwa kwa muda moja litalegea na jingine litabaki lilivyo. Zaidi ya hayo, tundu la pini au sindano halizibiki. Ndiyo maana umbo hujaribiwa kwanza kwa kitambaa cha pamba, na ngozi yenyewe hushikizwa kwa vibanio au gundi kabla ya kupita chereheni. Kingo za mshono hupunguzwa unene kwa kisu, hufunguliwa pande mbili, hupakwa gundi na kugongwa taratibu kwa nyundo hadi zilale. Hatua hii ikirukwa, mshono hutuna na kuonekana kama kovu, hasa pale vazi linapoubana mwili.

Ngozi ya mwanakondoo ni ndogo, kwa hiyo gauni halipatikani kwa kipande kimoja. Mwingine angeificha mishono. Alaïa aliipindisha, akaizungusha chini ya matiti, juu ya makalio na ubavuni, kila mshono ukipunguza au kuongeza upana mahali mwili unapobadilika. Umbo likajengwa na mishono yenyewe, bila pedi wala bitana nzito.

Hatua iliyomtambulisha ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya viatu ya Charles Jourdan ilimwagiza mavazi, naye akatengeneza nguo za ngozi nyeusi zilizotobolewa safu kwa safu na kutiwa pete ndogo za chuma, zile zinazopitisha kamba za viatu. Kampuni iliyakataa kwa kuona yamepita kiasi. Miaka michache baadaye mtindo huohuo, pamoja na glavu zake ndefu zilizojaa pete, ulikuwa umemjengea jina.

Kiufundi, pete hizo zinafanya kazi zaidi ya moja. Kila tundu huondoa sehemu ya ngozi, na vazi hupungua ukakamavu. Likitobolewa kwa mpangilio, hukunjika vizuri zaidi pale lilipotobolewa. Hatari ni kwamba matundu yaliyokaribiana mno hupasuka mwili unapovuta. Pete huubana ukingo wa tundu pande zote mbili na kugawa mvuto huo. Na kwa kuwa ni chuma kinachong'aa juu ya ngozi isiyong'aa, hukaa mahali pa kidani na bangili. Mvaaji hahitaji pambo jingine, maana pambo limeshikilia vazi. Hapa ustadi wake unaonekana wazi, kwa sababu ukiondoa pambo, vazi nalo linapungua nguvu.

Mkanda wake mpana wa mwaka 1992, wenye umbo la koseti, uliendeleza hesabu hiyo bila kutegemea pete. Ngozi ilitobolewa kwa michoro hadi ikafanana na lesi. Lesi ya uzi huhitaji kufungwa kingo zisifumuke. Ngozi haifumuki, kwa sababu haikufumwa, na tundu lililokatwa kwa panchi kali hubaki safi bila kupindwa. Kazi ya mbunifu ni kupanga ngozi inayobaki kati ya matundu: ikiwa nyembamba sana hukatika, ikiwa nene sana mkanda hukakamaa na kumchoma mvaaji chini ya mbavu anapokaa. Mkanda ulionyooka haukai vizuri kiunoni, kwa kuwa kiuno ni chembamba kuliko mbavu zilizo juu yake na nyonga zilizo chini. Umbo la koseti, lenye upana juu na chini na wembamba katikati, hulitatua hilo. Baadaye ukataji wa leza ulirahisisha kurudia michoro midogo kwa usawa, lakini mashine haiamui tundu liwe wapi.

Gauni zake zimepigwa picha nyingi. Kwa upande wa ufundi wa ngozi, mkanda ndio kazi yake kubwa: vazi na pambo katika kipande kimoja, na matundu yake ndiyo yaliyowezesha vyote viwili.