Mpaka wa Kutii na Mpaka wa Kuvuka

Kishikwambi hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuandika programu. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtazamaji, msomaji na mjaza fomu. Watanzania wengi walikiona kwa karibu mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita nacho nyumba kwa nyumba, na baada ya hesabu kwisha vishikwambi vile vikagawiwa walimu. Kibodi zenye taa za rangi nazo zina tabia hiyohiyo. Rangi zimo, ila amri ya kuzibadilisha imefichwa ndani ya programu ya kiwanda, ambayo mara nyingi hukubali kukaa kwenye Windows peke yake. Vyote viwili tumevinunua kwa fedha zetu, na vyote viwili vina mambo vinavyoweza kuyafanya ambayo sisi hatukupewa nafasi ya kuyaamuru.

Nataka kuwasifu watu walioamua kuitafuta nafasi hiyo. Kila chombo kina mipaka ya aina mbili. Ya kwanza ni ya maumbile: kumbukumbu ina ukubwa wake, waya una kiasi chake cha umeme, jicho la binadamu lina uwezo wake. Ya pili imewekwa na watu, kwa sababu ya biashara, tahadhari au mazoea tu. Fundi wa programu huria namheshimu kwa jambo moja kubwa: mipaka ya kwanza anaijua hadi tarakimu ya mwisho na anaitii, na ya pili anaivuka kwa subira, hatua kwa hatua, huku akiwaachia wengine maandishi ya njia aliyopita.

Tuanze na Termux, iliyoanzishwa na Fredrik Fornwall na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2015. Ni aplikesheni ya Android inayokupa terminali na mazingira ya Linux bila kuhitaji kuvunja ulinzi wa kifaa. Ukiandika pkg install python, baada ya muda mfupi una Python kwenye kishikwambi chako. Git ipo, kihariri cha Vim kipo, na kikusanyaji cha C kipo pia. Mtumiaji anaweza kudhani ni jambo jepesi, maana Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kilicho juu ya kiini hicho, hata hivyo, ni kitu kingine kabisa. Maktaba ya C inaitwa Bionic, si ile ya GNU ambayo programu nyingi za Linux zimeandikwa zikiitegemea. Folda ya /tmp, ambayo programu za miaka mingi huikimbilia kuweka vitu vya muda, haipo. Wala Termux haiwezi kuiunda, kwa kuwa kila aplikesheni imetengewa eneo lake na hairuhusiwi kutoka humo. Kwa hiyo mfumo mzima umehamishiwa kwenye anwani ndefu: /data/data/com.termux/files/usr.

Uhamisho huo ndio ufundi wenyewe. Ukifungua msimbo wa vifurushi vya Termux utakuta kila programu ina folda yake, na ndani yake maelekezo ya ujenzi, mara nyingi yakifuatana na viraka. Nimezoea kuvisoma viraka hivyo kama wengine wanavyosoma mashairi mafupi. Mstari mmoja umetanguliwa na alama ya kutoa: hapo ndipo programu ilipotaja /tmp. Mstari unaofuata umetanguliwa na alama ya kujumlisha: /tmp ileile, sasa ikiwa ndani ya eneo la Termux. Hakuna kingine kilichoguswa. Mtu alisoma programu asiyoiandika yeye, akatafuta kila mahali ilipodhani iko kwenye kompyuta ya mezani, akabadilisha hapo tu, kisha akahamia kifurushi kingine. Kazi hiyo haina shangwe, na toleo jipya la programu likitoka, viraka huenda vikahitaji kushonwa upya.

Uangalifu uleule unaonekana kwenye kioo. Kibodi ya kugusa haina CTRL wala ESC, na bila vitufe hivyo mtu hawezi kukaa na Vim hata dakika moja. Termux imeongeza mstari wa vitufe juu ya kibodi: ESC, TAB, CTRL, ALT na mishale. Kitufe cha kupunguza sauti nacho kimepewa kazi ya CTRL, ili kidole kipate kitu halisi cha kubonyeza. Aliyefikiria hayo amewahi kuandika msimbo kwenye kioo na kuona taabu yake.

Mpaka wa aina ya pili nao ulikuja. Mwaka 2019, Android 10 ilileta kanuni kwamba aplikesheni inayolenga toleo hilo haiwezi kuendesha programu zilizohifadhiwa kwenye eneo ambalo inaweza kuliandika. Kanuni ina sababu yake, kwani virusi navyo hupenda kupakua kitu na kukiendesha papo hapo. Lakini kupakua na kuendesha ndiyo kazi yote ya Termux. Masasisho yake kwenye duka la Google yalisimama mwaka 2020, na watumiaji wakaelekezwa F-Droid, ghala la programu huria ambalo hujenga programu lenyewe kutoka kwenye msimbo. Kazi ikaendelea mahali pengine, hadharani.

Sasa tuje kwenye taa. Kibodi nyingi ambazo mafundi hujitengenezea zinaendeshwa na QMK, programu huria inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, iliyoanzishwa na Jack Humbert juu ya msingi wa TMK ya Jun Wako. Kwa miaka mingi chipu iliyopendwa ni ATmega32U4, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2.5 za kumbukumbu ya kazi. Ndani ya nafasi hiyo ndogo lazima vitoshee usomaji wa vitufe, mazungumzo na kompyuta kupitia USB, na rangi zote.

Taa aina ya WS2812 hupangwa kwa mnyororo kwenye waya mmoja wa taarifa. Kila taa huchukua biti 24 za kwanza, yaani nane za kijani, nane za nyekundu na nane za bluu, kisha hupitisha zinazobaki kwa jirani yake. Biti moja hudumu takriban mikrosekunde 1.25, na tofauti ya sifuri na moja ni muda ambao umeme unakaa juu kabla ya kushuka. Chipu ikienda kwa megahezi 16, biti nzima inapata mapigo 20 tu ya saa ya chipu. Fundi hana budi kuhesabu kila agizo, kwa sababu akichelewa kidogo kijani kinageuka kuwa rangi asiyoikusudia.

Umeme nao una neno lake. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60 hivi. Kibodi yenye taa 100 ingetaka ampea sita, wakati kanuni ya USB 2.0 inaruhusu miliampea 500. Hapa hakuna wa kulalamikiwa, huu ni mpaka wa kutii. Ndiyo maana QMK ina mpangilio wa kuweka kikomo cha mwangaza, na anayeijenga kibodi hukiweka kabla hajaanza kufurahia rangi.

Kupunguza mwangaza kunaonekana kuwa hesabu ya shule ya msingi: zidisha, kisha gawanya. Lakini ATmega32U4 haina agizo la kugawanya. Mafundi wa FastLED, maktaba ya kuendesha taa ambayo hesabu zake QMK imezichukua, walipata njia. Chukua rangi yenye thamani 200 na mwangaza wa 128. Zidisha, unapata 25,600. Jibu hilo hukaa kwenye baiti mbili, na baiti ya juu peke yake ni 100, nusu kamili ya 200. Kugawanya kwa 256 kumefanyika bila kugawanya, kwa kuisoma baiti ya juu na kuiacha ya chini.

Kisha wakaona kasoro. Rangi ya 255 kwa mwangaza wa 255 inatoa 65,025, na baiti ya juu ni 254. Taa isingefika kileleni kamwe. Wakaongeza moja kwenye mwangaza kabla ya kuzidisha, na 255 ikarudi. Wakaenda mbali zaidi wakaandika namna nyingine ya hesabu hiyohiyo, inayohakikisha kwamba rangi isiyo sifuri haififishwi hadi sifuri, ili taa iliyoombwa kuwaka hafifu isizimike ghafla. Macho ya watu wangapi yangeikosa ile hatua moja kati ya 254 na 255? Wao waliirekebisha hata hivyo.

Kwa kibodi zilizofungwa na viwanda ipo OpenRGB, programu huria ya Adam Honse ya kuziamuru taa hizo. Kazi yake huanza kwa kusikiliza. Mtu anaendesha programu ya kiwanda, anachagua nyekundu, anatazama pakiti zinazopita kwenye USB, kisha anachagua kijani na kulinganisha. Baiti zilizobadilika zinaanza kusema maana yake. Kwenye taa za vijiti vya kumbukumbu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa njia ileile ya mawasiliano hupita pia kwenye chipu inayoieleza kompyuta kumbukumbu hiyo ni ya aina gani. Ukiandika pasipohusika unaweza kukiharibu kijiti chenyewe. Subira hapa ni sehemu ya ujuzi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mafundi hawa sina hofu hiyo, maana kila mstari wao uko wazi na kila badiliko lina jina na tarehe. Anayetia maji huonekana siku hiyohiyo. Uwazi huo pia ndio unaofanya kazi idumu kuliko mtendaji. Daniel Garcia, mmoja wa waanzilishi wa FastLED, alifariki tarehe 2 Septemba 2019 katika moto wa meli ya Conception kwenye pwani ya California, uliochukua maisha ya watu 34. Maktaba yake haikufungwa. Wengine waliendelea nayo, na hesabu alizoziandika pamoja na wenzake zingali zinapitia vidole vya watu wasiomjua.

Njia ya Termux na njia ya taa hukutana mezani. Chomeka kibodi ya QMK kwenye kishikwambi chenye Termux. Kibodi ya kiwanda ingekosa programu yake na kubaki na rangi ilizoachiwa, ila hii imebeba maagizo yake ndani, hivyo unabadilisha taa kwa vitufe vyenyewe bila kusakinisha chochote. Ukihamia tabaka la mishale, yaani mpangilio ambapo vitufe vya kawaida vinafanya kazi ya mishale, vitufe vinne tu vinawaka na mkono unajua pa kwenda. Rangi imekuwa taarifa. Na faili inayoamua hayo yote unaweza kuihariri kwenye kishikwambi kilekile.

Sifa za mdomo hazimlipi fundi wa namna hii. Kinachomlipa ni hitilafu iliyoelezwa vizuri, kiraka kilichojaribiwa, au maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo yeye haijui. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kulipa kwa njia hiyo mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leseni huria kama ile iliyowaruhusu wao ndiyo inayomruhusu kijana wa leo mwenye kishikwambi cha bei ndogo na kibodi ya mtumba. Asome msimbo hadi ajue mpaka upi ni wa umeme na upi ni wa mtu. Wa umeme autii. Wa mtu auvuke, kisha aandike wazi alivyouvuka, kama alivyoandikiwa yeye.